Siku mbili Makunduchi, mtoto kabaki Amani

Kila Julai inapokaribia huja swali moja kwenye simu yangu kutoka kwa wasomaji wa ukurasa huu, na wanaouliza zaidi ni kina mama. Hivi sisi wenye watoto wadogo tunaweza kutoka wawili tu, mke na mume, tukalala nje siku mbili, au hayo tumewaachia watalii wa Nungwi? Mmoja aliniandikia kwamba mara ya mwisho yeye na mumewe kukaa peke yao ilikuwa fungate. Mtoto wao wa kwanza sasa yuko darasa la nne.

Nimelifikiria sana hilo la fungate. Mila yetu inawapa bibi na bwana harusi siku saba. Chakula kinaletwa mlangoni, hawasumbuliwi, anayebisha hodi anabisha kwa adabu na kuondoka. Somo yuko karibu, anafundisha na kuhakikisha mambo yanakwenda. Zikiisha siku hizo mlango unafunguliwa, na kuanzia hapo ndoa inaachwa ijiendeshe yenyewe, kama gari isiyopelekwa gereji. Mimba, uzazi, arobaini, chanjo, ada ya skuli, mama mkwe anaumwa, mfereji hautoi maji. Miaka kumi inapita na hakuna aliyewarudishia hata siku moja kati ya zile saba.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana njia zao. Ipo safari inayopendwa sana na wazazi wa huko: wanachagua mji mdogo wenye tamasha la bia zinazopikwa na viwanda vidogo vya hapo hapo, watoto wanaachwa kwa bibi, wao wanafika Ijumaa, wanaonja, wanatembea kwa miguu, wanalala bila kuamshwa na mtu, Jumapili wanarudi. Bia tuwaachie wenyewe, na siyasemi hayo kwa ajili ya dini peke yake. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Lakini ukiiondoa bia kwenye safari ile, kinachobaki ni mji mdogo, shughuli moja, siku mbili na watu wawili. Hicho tunacho. Kinaitwa Mwaka Kogwa, kiko Makunduchi, na kinafikika kwa daladala namba 310.

Mimi na mume wangu tulikwenda, mwaka mmoja ambao shughuli iliangukia mwisho wa wiki. Tunaishi Amani, si mbali na uwanja, mtaa ambao siku ya mechi unajua bao limeingia kabla redio haijasema. Binti yetu wakati huo alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu.

Kazi kubwa ilikuwa yeye. Watu hudhani kinachowafunga wazazi nyumbani ni fedha. Fedha ni tatizo, sikatai, ila sisi safari nzima haikutugharimu hata nusu ya tulichotumia kwenye arobaini ya mtoto. Kinachofunga zaidi ni nani atabaki na mtoto, na nyuma yake, watu watasemaje. Jirani yangu aliponiona na begi alinipa pole kwanza, kisha ndiyo akauliza msiba uko wapi.

Mtoto alibaki kwa mama yangu. Nilimwandikia karatasi moja: saa za kula, saa za kulala, kiasi cha dawa ya homa kulingana na uzito wa mtoto (uzito ndio unaoamua dozi, si umri), namba ya simu ya jirani mwenye gari, na mahali ilipo kadi ya kliniki. Chini nikaandika mambo manne ambayo akiyaona hangoji kutupigia simu wala kungoja kuche, anakwenda hospitali moja kwa moja: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mama amelea watoto sita bila karatasi. Aliipokea yangu kama mtu anayepokea bili ya umeme, akaibandika kwenye friji, akaniambia haya nendeni, mnanichelewesha.

Jambo moja tulibishana naye kidogo. Yeye alitaka tumtoroke mtoto, tuondoke akiwa amelala, asilie. Ndivyo wengi tulivyolelewa. Lakini mtoto wa umri huu yuko katika kipindi cha kuogopa kuachwa, kipindi kinachoanza kiasi cha miezi minane na kuendelea mpaka karibu miaka mitatu, na anayeamka akakuta mama hayupo bila kuambiwa hujifunza kwamba mama anaweza kupotea wakati wowote. Matokeo yake unaporudi hakubandui, hata chooni anakufuata. Afadhali alie ukimuaga kwa maneno mafupi na uso wa kawaida. Tulimuaga. Alilia. Mama alinipigia kabla hatujafika Kwerekwe kuniambia ameshanyamaza na anadai mkate wa kumimina.

Mwenye mtoto anayenyonya ana hesabu nyingine. Chini ya miezi sita, wakati mtoto anatakiwa apate maziwa ya mama peke yake, ningekushauri umchukue, safari itakuwa ya watu watatu na si dhambi. Aliyevuka hapo na anakula vyakula vingine anaweza kubaki, ukimwachia maziwa uliyoyakamua. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Nje ya friji, penye ubaridi, ni saa nne, na kwa joto letu tusifike huko. Apewe kwa kikombe kisafi, si chupa, maana chupa ni ngumu kuisafisha. Na wewe mama usikae siku mbili bila kukamua ati uko mapumzikoni. Titi likijaa likaachwa linawaka, na homa ya titi haijui sikukuu.

Basi tukapanda. Kwerekwe, Tunguu, Jozani ambako gari inapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, kisha Kitogani, ambako wanaokwenda Paje wanashika njia yao na sisi tukaendelea na Muyuni. Sijui kama mna habari, lakini mume na mke waliobanana kwenye kiti cha daladala bila mtoto mapajani hawajui mikono waiweke wapi. Njia nzima tulizungumza habari moja: amekula, hajala, dawa ya kikohozi imebaki kiasi gani. Mimi ni mwandishi wa afya, nimekaa sana kwenye wodi, na niliitambua lugha ile. Ni lugha ya wauguzi wanapopokezana zamu. Mgonjwa wa kitanda namba tatu amepewa sindano saa mbili. Ndivyo tulivyokuwa tunazungumza mimi na mume wangu kwa zaidi ya miaka miwili.

Makunduchi ni mji mdogo ulionyooka, wenye maghorofa ya enzi za Mzee Karume katikati na vijiji vilivyouzunguka. Julai ni msimu wa wageni, mahoteli ya pwani yanataka dola, kwa hiyo tulitafutiwa chumba kwa bi mkubwa mmoja, jamaa wa mfanyakazi mwenzangu. Hilo nalo ni jambo la huko: siku ya mwaka nyumba haitakiwi kukosa mgeni. Tulipobisha hodi na kutoa shikamoo alitupokea kana kwamba sisi ndio tumemfanyia hisani.

Kwa wasioijua shughuli yenyewe, nitaieleza kwa kifupi. Ni mwaka mpya wa jua, Nairuzi, uliotufikia kutoka Uajemi kwa njia ya biashara na uhamaji wa Bahari ya Hindi. Kule Irani Nairuzi iko mwezi Machi. Hapa iko Julai, kwa sababu kalenda yetu ya zamani ya wakulima na wavuvi inahesabu siku 365 kamili, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, bila ile siku inayoongezwa kila mwaka wa nne. Hivyo inateleza nyuma siku moja kila miaka minne. Vitukuu vyetu wataisherehekea Juni. Neno kogwa ni kuoga: watu huingia baharini kuuosha mwaka wa zamani. Kisha uwanjani Kae Kuu wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, wanapigana kwa magomba, yale mabua ya mgomba. Zamani yalikuwa magongo. Wanawake wamevaa nguo mpya na wanaimba, na nyimbo zenyewe hazina haya, maana siku hiyo kila mtu anaruhusiwa kusema lililomkaa moyoni. Nusu ya maneno hayakunifikia kwa kuwa yalikuwa ya Kikae, lahaja ya huko, lakini vicheko vya waliokuwa karibu yangu vilinieleza yalikuwa yanakwenda wapi. Mwisho kinachomwa kibanda cha makuti, mzee wa mila yuko ndani, anachomoka, na watu wanatazama moshi unaelekea wapi ili kuusoma mwaka unaokuja.

Wapo masheikh wasioiridhia shughuli hii, hasa moto na uaguzi wake, na nawaheshimu. Asiyetaka moshi akae barazani, ale wali. Na hata anayeutaka, kama ana pumu asimame upande unaotoka upepo na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, si nyumbani. Wajawazito wakae mbali na magomba, vijana wakipandwa na mori hawaangalii nyuma.

Kinywaji cha shughuli kwetu kilikuwa dafu na juisi ya miwa iliyokamuliwa kwa tangawizi na ndimu. Dafu lina madini mengi ya potasiamu, linamrudisha mtu aliyetoka jasho, lakini mwenye ugonjwa wa figo aliulize kwanza kwa daktari wake, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu ikazidi. Juisi ya miwa ni sukari, hakuna namna ya kulizunguka hilo. Mwenye kisukari aonje ya mwenzake.

Na mkitaka kuoga baharini waulizeni wenyeji maji yanapwa na kujaa saa ngapi, pwani ile maji yakitoka yanakwenda mbali sana na mnabaki mnatembea juu ya mawe. Vaeni viatu. Aliyechomwa na wale wa miiba myeusi wanaokaa kwenye mawe atoe miiba inayoonekana, atie mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili bila kuungua, kiasi cha nusu saa au zaidi. Ukivimba au maumivu yakizidi, aende hospitali, na Makunduchi ipo.

Tulikula mchana kwa bi mkubwa, wali na mchuzi wa pweza, sinia moja. Pembeni walikaa vijana wawili, mmoja kachubuka bega, na nikaja kuelewa kwamba saa mbili kabla yake wale wawili ndio waliokuwa wanatandikana uwanjani. Nikamuuliza bi mkubwa kama kweli watu wanaingia na visasi vyao vya kweli. Akasema ndiyo, si wote, lakini wapo. Kwake yeye ni jambo la akili tu: mtu akivuka mwaka na kinyongo, anavuka na mzigo, na mzigo wa mwaka juu ya mwaka unavunja mgongo. Halafu akamtazama mume wangu, akamuuliza kwa utani kama na sisi tumekuja kupigana. Mume wangu akacheka, akasema, "Bibi, mimi naogopa mkewe." Bi mkubwa akamsahihisha, "Mkeo, mwanangu. Huyo si wa mtu mwingine." Watu wakacheka mpaka sinia likatikisika.

Usiku bi mkubwa alilala mapema. Sisi tulibaki barazani. Ngoma ilisikika kutoka mbali, simu zilikuwa ndani zikichajiwa, hakuna anayelia, hakuna anayedai maji. Kwa dakika nyingi hatukuwa na la kusema. Nawaambia ukweli, ilikuwa taabu. Ripoti ya zamu haikuwepo na hatukuwa na ripoti nyingine.

Sasa lazima nieleze kilichokuwa nyuma. Nilipojifungua nilitokwa na damu nyingi. Nilisaidiwa, niliongezewa damu, nilitoka na mtoto mzima, na kwa upande wangu mambo yaliishia hapo. Lakini tangu mtoto alipotimiza mwaka, kila nilipogusia wa pili mume wangu alipata kazi ya kufanya. Anakwenda kuzima pampu. Anakumbuka kumpigia mtu. Alianza kuchelewa kurudi siku moja moja, bila maelezo ya kueleweka. Shoga yangu mmoja alishanipa uchambuzi wake bila kumuomba: mwanamume asiyetaka mtoto wa pili kwako ana mpango wa mtoto wa kwanza kwengine, kamata simu yake, pekua pochi yake. Sikupekua. Ila neno likishaingia sikioni halitoki.

Ngoma iliponyamaza kidogo akasema, "Zile kanga nilizifua mimi."

"Kanga gani?"

"Za siku ile."

Akanieleza. Alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Aliwaona wauguzi wanaingia mbio. Aliitwa, akaambiwa mkewe anahitaji damu na ndugu wajitokeze, akatoa yake, akarudi kwenye benchi. Baadaye mtu akamkabidhi ndoo yenye kanga zangu, kama inavyofanyika kila siku, jamaa wakafue. Hakuweza kumpa mama yangu ile ndoo. Aliipeleka nyumbani saa nane ya usiku, akafunga mlango wa uani, akafua peke yake, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, hajui kama kwenye kitanda mimi bado mzima. Alisema alihesabu maji saba. Mpaka leo akisikia neno mimba anasikia maji yanamwagwa uani.

Miaka miwili tunalala kitanda kimoja na sikuwa nalijua hilo.

Hakulia, wala mimi sikulia, msisubiri. Tulikaa pale mpaka baridi ikatufukuza. Jambo ninalolijua kwa hakika ni kwamba mazungumzo yale yasingefanyika Amani. Siyo kwamba Amani kuna ubaya. Ni kwamba nyumbani kila jambo zito lina mlango wa kutokea: mtoto kaamka, mgeni kabisha, umeme umekatika, adhana, simu. Mtu aliyebeba neno gumu huhitaji muda mrefu wa kimya kabla ya kulitoa, na kimya cha aina hiyo wenye watoto hatunacho. Kule barazani alikipata.

(Safu hii ameisoma kabla ya mhariri. Amefuta sentensi mbili na ameacha ya ndoo ibaki.)

Niliporudi kazini nilikwenda kusoma. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 43, ukaonyesha kwamba kiasi cha baba mmoja kati ya kumi hupata sonona katika kipindi cha kuanzia ujauzito wa mkewe hadi mtoto afikishe mwaka. Kwa kina mama idadi ni kubwa zaidi. WHO inakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea kiasi cha wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mama angalau anarudi kliniki, mtu anaweza kumtazama usoni. Baba hana kliniki. Kwake dalili mara nyingi si machozi: ni hasira za karibu, ukimya, kazi zisizoisha, kukwepa mazungumzo ya uzazi, usingizi wa shida. Na hapa kwetu ukimtajia mtu afya ya akili anadhani unampeleka Kidongo Chekundu akafungiwe. Siyo hivyo. Kwa wengi hatua ya kwanza ni kuzungumza na mhudumu wa afya aliyefunzwa, kwenye chumba cha kawaida, kwa miadi ya kawaida. Dalili zikidumu zaidi ya wiki mbili, au mtu akianza kusema ni heri asingekuwepo, hapo usingoje sikukuu ya Makunduchi.

Kuhusu damu yenyewe pia kuna la kujua, maana hofu ya mume wangu haikuwa ya kubuni. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ambako kwa miaka mingi kumepimwa kwa nusu lita au zaidi, huwapata wanawake wapatao milioni 14 duniani kila mwaka kwa makadirio ya WHO, na kiasi cha 70,000 hufariki. Ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya uzazi. Na aliyewahi kupatwa yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa tena.

Tulikwenda kwa daktari wote wawili, jambo ambalo wakati wa mimba ya kwanza hatukulifanya sana kwa vile ratiba zetu zilikuwa hazikutani. Hakutuambia tuzae wala tusizae. Alituambia mtu mwenye historia yangu anaweza kujifungua salama ikiwa mambo yamepangwa mapema: nafasi ya angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, kupimwa wingi wa damu mwanzoni kabisa wa mimba na kurudiwa, vidonge vya kuongeza damu kila siku bila kuviacha vinapochafua tumbo, kumweleza mkunga historia yote siku ya kwanza ya kliniki bila kungoja kuulizwa, na kujifungulia hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji, si karibu na nyumbani kwa kuwa ni karibu. Sindano ya kulifanya tumbo la uzazi likaze mara mtoto anapotoka ni haki ya kila mzazi. Kwangu mimi ni ya kukumbushia mapema. Mpaka tuamue, alitupa pia chaguo la njia za uzazi wa mpango, na mume wangu aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Aliuliza hata damu inakaa siku ngapi kwenye jokofu. Chembe nyekundu, kwa kawaida, hadi siku 35 au 42 kutegemea mfuko.

Kisha daktari akamuuliza kama analijua kundi lake la damu. Akatoa pochi. Ndani yake, nyuma ya kitambulisho, kulikuwa na kadi ya mchangia damu, na kwenye kadi tarehe sita. Ya kwanza ni ile ya usiku wa kuzaliwa binti yetu. Nyingine tano sikuwa na habari nazo. Ni zile siku moja moja alizokuwa anachelewa.

Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, umri kuanzia 18 hadi 65, uzito usipungue kilo 50. Kwa ya saba tulikwenda pamoja. Yeye wakamtoa. Mimi walinipima wakanirudisha, damu yangu ilikuwa chini ya 12.5, nikapewa vidonge na tarehe ya kurudi kupimwa tena.